Wagonjwa Wangu Wote Walisema Amahoro

Siku ile mliponiaga kazini mliniomba nisimame niseme maneno machache. Mlikuwa mmepanga viti uani, soda zinapata moto kwenye kreti, na daktari wetu alikuwa anachungulia simu yake kila dakika kwa sababu alikuwa amesikia kuna kituo kimeanza kuuza mafuta. Nikasimama, nikasema nawashukuru, nikasema kwangu kila kitu ni amahoro, nikakaa. Mkapiga makofi. Tangu siku hiyo nina hasira na lile neno, maana kati ya watu wote wa mji huu mimi ndiye nisiyepaswa kulisema. Sasa niko nyumbani Kanyosha, nina muda hadi unanichosha, basi nawaandikia yale niliyopaswa kuwaambia pale uani.

Amahoro ni amani kwa Kirundi, na ndiyo jibu letu la salamu. Unaulizwa habari yako, ya nyumbani, ya watoto, unajibu ni amahoro. Mtu anajibu hivyo akiwa ametoka kuzika. Anajibu hivyo hata kama paa lake limeondoka na upepo asubuhi hiyohiyo. Huo si uongo, ni malezi. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba shida ya nyumbani haitolewi mlangoni. Kwa jirani mwema ni tabia nzuri sana. Kwa muuguzi anayepima watu shinikizo la damu, ugonjwa ambao hapa kila mmoja anauita tansiyo, ni balaa.

Vyeo sitavigusa, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao tuuache, mnaujua.

Nilifika kwenye kituo chetu cha afya cha Kinama nikiwa nimetoka shule ya uuguzi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo. Nilitaka kushona majeraha. Wakanipeleka chumba cha vipimo: dirisha moja, benchi, meza, mizani ya watoto, na mama mmoja mnene aliyekaa juu ya mto na hakunyanyuka kunisalimia. Huyo alikuwa Mama Générose, muuguzi mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa pale kabla kuta hazijapigwa lipu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nikamwuliza kwa upole habari yake, akasema amahoro, nikaanza kumfunga kitambaa cha kipimo mkononi. Mama Générose akanyoosha mkono, akaninyang'anya mpira wa kupulizia.

“We kijana, umemuuliza nini?”

“Habari yake.”

“Na yeye amekujibu nini?”

“Amahoro.”

“Basi mwambie arudi ku nyumba. Iko muzima.”

Muuza ndagala alicheka. Mimi sikucheka, masikio yalikuwa yananiwaka. Kisha Mama Générose akamgeukia yule mama na kumwuliza swali ambalo nililitumia mpaka siku ya mwisho: “Mama, leo umepitia wapi mbele ya kufika hapa?” Yule mama akaanza kueleza. Alipitia robine, bomba la mtaa, maji hayakutoka. Akapitia ziwani, mitumbwi ilikuwa imerudi mitupu. Akarudi nyumbani kuchukua kitambulisho akamkuta mwenye nyumba amekaa mlangoni, kwenye kiti chake mwenyewe, anamsubiri. Akapitia kwa dada wa mumewe, na hapo ndipo sauti ilipobadilika. Alitoa moja baada ya jingine, bila kulia, kama anayetoa ndagala kwenye beseni. Alipomaliza, Mama Générose akampima, akamwacha apumzike kwenye benchi, akampima tena. Namba zilikuwa zimeshuka vizuri.

“Kipimo ya kwanza ni ya njiani,” aliniambia. “Ya pili njo ya nyumbani. Ukiandika ya kwanza peke yake, unatibia barabara.”

Najua wengi wenu mnaandika cha kwanza peke yake. Foleni ni ndefu, naelewa. Lakini mnatibu barabara.

Kuhusu vyombo. Kile kipimo cha zebaki mlichokitupa stoo ndicho nilichofanyia kazi miaka yangu mingi. Mipira yake ilipopasuka nilimpelekea fundi wa baiskeli pale nje ya geti, naye akaibandika kiraka kama tairi. Kilisema kweli mpaka mwisho. Kile cha betri tulichopewa baadaye na wageni kilikuwa kinakula betri kuliko redio ya mlinzi, na siku moja nilikifunga kwenye mguu wa meza kwa hasira, kikanipa namba nzuri kabisa. Meza yetu ilikuwa na afya kuliko mimi. Kitumieni kama hamna jinsi, ila msikiamini kupita mgonjwa.

Mama Générose alirudi kwao Uvira alipochoka, akaniachia kiti na ule mto. Nami nikaendelea kuuliza watu wamepitia wapi. Ukiuliza swali hilo kila siku unaujua mji kuliko mkuu wa polisi. Nilijua mtaa gani wa Kinama mvua iliingia ndani usiku, watu wakakesha wamekaa juu ya meza. Nilijua kamati ya harusi ya nani imegombana. Kwa miaka mingi mwenye nyumba ndiye aliyeongoza kwa kupandisha watu tansiyo, mama mkwe akimfuata kwa karibu, na simu inayolia asubuhi mapema ikiwa ya tatu. Kisha likaja tatizo la mafuta, likawapita wote. Magari yakapanga mstari kuanzia kituo cha mafuta mpaka mtaa wa pili, madereva wakawa wanalala humo, wanaoga humo kwa maji ya chupa, wanagombania nafasi na watu waliosoma nao. Na wasio na gari wakapiga miguu kutoka Kinama mpaka mjini na kurudi, kisha wakaja kwangu na miguu iliyovimba kuniambia ni amahoro.

Hapo ndipo nafika kwa watu wawili ambao kwa ajili yao nimeshika kalamu.

Salvator alikuwa dereva wa basi la Kinama kwenda mjini. Mtaani walimwita Baba Divine, kwa jina la binti yao wa kwanza aliyeolewa Kigoma, na mkewe Consolata wakamwita Mama Divine. Consolata aliuza nyanya mlangoni pa nyumba. Wote wawili walikuwa na tansiyo, na daktari aliwaandikia kidonge cha aina moja, kimoja kimoja kila asubuhi. Walikuja kupimwa pamoja, wamevaa kama wanakwenda kanisani, na dawa za wote wawili zilikaa kwenye mkoba wa mama. Baba Divine hakujua hata jina la kidonge anachokunywa. Alikuwa mkarimu, mwenye kelele, mwenye kutukana basi lake kwa mapenzi. Niliwapenda. Muuguzi hapaswi kuwa na wagonjwa anaowapenda zaidi, na kila muuguzi anao.

Mafuta yalipokosekana, dawa nazo zikaanza kukosekana. Duka la dawa moja halina, la pili linasema rudi wiki ijayo, la tatu limefunga. Baba Divine alikuja peke yake siku moja ametoka kwenye mstari wa mafuta, shati limekauka jasho mgongoni, na namba zake zilinitisha. Cha kwanza kibaya, cha pili kibaya vilevile. Nikamwambia kwamba akiendelea hivi ataanguka kwenye usukani na abiria nyuma yake. Alikwenda kumwambia mkewe maneno hayo kama nilivyoyasema. Nasema hivyo kwa sababu Mama Divine aliyarudia kwangu baadaye, neno kwa neno.

Aliporudi tena namba zake zilikuwa zimeshuka. Safari iliyofuata zilikuwa zimeshuka zaidi, nzuri kama za kijana. Nikamwuliza dawa anapata wapi wakati mji mzima unalia.

“Muke wangu njo anatafuta,” alisema. “Mi sijui anatoa wapi. Kila asubui naona kidonge iko juu ya meza, pembeni ya chai. Mi namumeza.”

“Na yeye mbona haji?”

“Anasema hana wakati. Iko bien, muganga. Iko amahoro.”

Nikamwambia amwambie mkewe kwamba nataka kumwona. Hakuja. Nikatuma salamu kwa jirani yake. Hakuja. Mara ya tatu nilituma neno kwamba nitakuja mimi mwenyewe nikae juu ya nyanya zake, ndipo akaja, kitambaa kichwani, anacheka.

“Mama Divine, leo umepitia wapi?”

“Sikupitia mahali, muganga. Nimetoka tu ku nyumba.”

Nikampima. Ilikuwa juu. Nikamwambia akae kwenye benchi, asiongee, asifikiri. Alikaa mikono juu ya mapaja, macho yanatazama ukuta, utulivu kamili. Nikampima tena. Ilikuwa imepanda. Katika miaka yangu yote niliona watu wachache sana wa namna hiyo. Wengi ukiwakalisha wanashuka. Yeye kelele za mtaa na wateja ndizo zilikuwa zinamshikilia. Ukimpa kimya, yale ya ndani yanapata nafasi. Nikafunga mlango.

“Vidonge vyako viko wapi?”

“Viko.”

“Viko wapi, Mama Divine?”

Alitazama mkoba wake, akatazama dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila aibu, kama anayenieleza jinsi ya kupika maharage:

“Muganga, we mwenyewe ulisema ataanguka na watu. Yeye anabeba watu. Mi nabeba nyanya. Nikianguka mi, nyanya njo zinamwangika, basi.”

Niligomba. Sijawahi kumgombeza mgonjwa vile. Nilimwambia kwamba kichwa chake nacho kina mishipa, kwamba mumewe akijua hatakubali kumeza hata siku moja. Akasema ndiyo maana hatajua. Nikamwambia siku ya pili yake waje wote wawili, na kama hasemi yeye nitasema mimi. Ndipo alipoacha kucheka.

Walikuja. Baba Divine alikaa mbele, yeye nyuma yake kidogo. Nikasema moja kwa moja: dawa unayokunywa ni ya mkeo, yeye hanywi kitu, na hali yake ni mbaya. Salvator akageuka kwenye kiti polepole.

“Ni kweli, Mama Divine?”

Yule mama akanitazama, si kwa chuki, kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Kisha akamtazama mumewe.

“Apana. Muganga amechanganya, watu ni wengi hapa. Dawa anatuma dada yangu wa Uvira. Mi nakunywa yangu, we unakunywa yako.”

“Kwa hiyo uko bien?”

“Niko amahoro.”

Nikamwambia afungue mkoba. Akaukumbatia, akasema kwa upole kwamba mkoba wa mwanamke haufunguliwi mbele ya wanaume, na mumewe akasema kweli, muganga, hiyo apana. Wote wawili walikuwa wanaona haya kwa niaba yangu. Nilimpima mbele yake, nikamwonyesha Salvator namba. Mkewe akasema amepanda mlima wa hasira kwa kusingiziwa, nani asingepanda? Salvator akacheka, akafurahi kupata sababu ya kucheka. Aliniaga kwa mikono miwili. Niliwatazama wakivuka uani, mume mbele, mke nyuma na mkoba wake, na niliogopa kweli.

Nilimtafutia dawa. Niliuliza kwa wenzangu wa mjini, nikamwomba mtu anayefanya kazi bandarini aulize kwenye boti za Kigoma. Nikapata karatasi moja ya vidonge, nikampelekea mwenyewe mlangoni. Alinishukuru sana, akanipa nyanya. Sasa najua navyo vilikwenda pembeni ya chai.

Alianguka asubuhi kwenye robine, katikati ya mstari wa bido, yale madumu ya maji. Majirani walimpandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wanawake wawili wanamshikilia huku na huku, wakamleta kwetu mbio. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia. Gari letu la wagonjwa lilikuwa limesimama pale uani, safi, limeoshwa, halina mafuta. Wengine wenu mlikuwepo, mnakumbuka jinsi tulivyosimama barabarani kuzuia magari. Aliyekubali mwishowe alikuwa na lori la mchanga. Nilikaa nyuma, juu ya mchanga, kichwa chake mapajani pangu, mpaka hospitali ya mjini.

Mumewe alikuwa kwenye mstari wa mafuta. Alikuwa amekaribia sana pampu, baada ya siku ambazo nadhani hata yeye hakuzihesabu tena. Alipoambiwa aliacha basi palepale, ufunguo ndani, akaja kwa miguu akikimbia. Alinikuta kwenye korido nimeshika ule mkoba. Nilimpa. Akaufungua: kitambulisho, rozari, karatasi tupu za vidonge zimefungwa vizuri na mpira wa nywele, na moja iliyobaki na vidonge viwili.

“Hizi dawa?”

“Ndizo ulizokuwa unakunywa. Ni zake.”

Alikaa chini, sakafuni, mtu mzima yule, watu wanamruka kupita. Nilikaa naye. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, na mkewe kuliko wote, na nilimlilia pia.

Alipozinduka ndugu wa ukoo walijaa chumbani. Shangazi mmoja akainama, akamwuliza, “Mama Divine, habari?” Na yule mama, kwa sauti safi, bila kukwama, akajibu: “Amahoro.” Chumba kikalipuka. Wakaimba, wakamshukuru Mungu, shangazi akacheza hapo kando ya kitanda. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona jicho lake linazunguka linatafuta kitu. Wakamwuliza anataka maji? Amahoro. Anaumwa wapi? Amahoro. Unamwona mumeo? Amahoro. Wimbo ukapungua, sauti moja moja, mpaka ikabaki ya shangazi peke yake, naye akanyamaza.

Mnalijua jambo hilo, limo kwenye masomo. Kiharusi kinaweza kufuta maneno yote na kuacha yale ya mazoea, salamu, sala, matusi. Nimeona mzee mmoja aliyebakiwa na tusi tu, na familia yake walikuwa na bahati kuliko hii.

Basi lilipewa dereva mwingine. Salvator sasa ndiye anayeuza nyanya mlangoni, kiti chake kimewekwa mahali anapoweza kuona kitanda. Neno moja la mkewe amejifunza kulisikiliza: amahoro fupi ni njaa, ya kuvutwa ni maumivu, ya haraka haraka ni kwamba abadilishiwe shuka. Niliwapitia mara kwa mara nilipokuwa kazini, na nilipostaafu nimeendelea, maana kutoka Kanyosha hadi Kinama ni safari ya mtu asiye na haraka, na kipimo cha zebaki sikuwaibia, nilikiomba.

Wiki iliyopita nilikwenda tena. Nilimpima mama kwanza. Mara mbili, kama kawaida. Ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa alipokuwa mzima, na furaha yangu ikakatika palepale, kwa sababu namba kama hiyo nilikuwa nimeshaiona kwa mtu wa nyumba hii. Madukani dawa zilikuwa zimeadimika tena. Nikageuka kumtazama Salvator. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, anatabasamu, na mshipa wa shingoni unapiga.

“Na wewe, Baba Divine? Kidonge chako?”

“Ni ama...” alianza.

Akaishia hapo. Midomo ilikuwa bado imejipanga kumalizia. Akamtazama mkewe kitandani, muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

“Apana, muganga,” alisema. “Mi siko amahoro. Inabaki moja moja tu, namupa yeye. Kichwa inaniuma toka siku mingi. Naogopa.”

Kwenye miaka yote ya kazi yangu hakuna mgonjwa aliyewahi kunijibu hivyo kabla sijamzungusha kwa maswali. Kutoka kitandani mkewe alikuwa amelisikia lile neno, na kama alivyolelewa, akaitikia.

“Amahoro.”

Salvator alikunja mkono wa shati. Nikamfunga kitambaa, nikapuliza, nikasikiliza. Cha kwanza sikukiandika. Nikamwambia akae, asiongee, asifikiri, na sote watatu tukanyamaza tukingoja cha pili.